Ufalme wa Kaskazini katika hadithi za fantasia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waandishi, wachora vibonzo na waongozaji wa michezo ya mezani wanaotunga kwa Kiswahili na wanaotaka ulimwengu wao uwe na ufalme wa kaskazini wenye sura ya Wanorse wa kale, maarufu kama Waviking: watu wa Norwei, Denmark, Uswidi na Iceland. Kipindi kinachohusika kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 793, watawa wa kisiwa cha Lindisfarne waliposhambuliwa, hadi 1066, mfalme Harald Hardrada wa Norwei alipouawa vitani Stamford Bridge, Uingereza. Majoka na mizimu utaweka mwenyewe. Hapa tunajibu yale ambayo historia inaweza kukusaidia.

Nianzie wapi: ramani, mfalme au miungu?

Anzia ghalani. Jiulize: mwezi wa mwisho wa majira ya baridi, nyumba hii inakula nini? Ukishalijibu hilo, nusu ya ufalme umeshaujenga.

Katika visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kwa karibu mwezi mzima, Desemba hadi mwanzoni mwa Januari. Nyasi huota kwa miezi michache tu. Ng'ombe hukaa zizini zaidi ya nusu mwaka akila majani yaliyokatwa na kukaushwa kiangazi, na mwenye majani machache hana budi kuchinja sehemu ya mifugo kabla baridi haijaanza. Kwa hiyo utajiri wa mtu hupimwa kwa majani makavu kabla ya kupimwa kwa dhahabu. Jirani aliyeishiwa majani mwezi Machi akaja kuomba, akanyimwa, amekupa mwanzo wa hadithi ambao hauhitaji hata upanga.

Chakula chenyewe kilikuwa shayiri, siagi, skyr (maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa hadi yakawa mazito), nyama kidogo, na samaki. Samaki wa Lofoten walitundikwa kwenye vichanja vya miti wakakaushwa na upepo wa baridi bila chembe ya chumvi, na bado hukaushwa hivyo hadi leo. Wanakaa miaka bila kuoza. Msomaji wa pwani anayeijua ng'onda atauelewa mara moja uzito wa chakula cha namna hiyo: kinabebeka, kinauzika, kinalisha mabaharia safari nzima.

Nyumba nazo zilikuwa ndefu, za mbao na udongo wa nyasi, watu upande mmoja na ng'ombe upande mwingine chini ya paa lile lile. Nyumba ya chifu iliyofukuliwa Borg, Lofoten, ilikuwa na urefu wa mita 83. Joto la wanyama lilikuwa sehemu ya joto la nyumba. Harufu yao pia, na usisahau kuiandika.

Tajiri wa huko ana mali kiasi gani?

Tunaye mmoja aliyejieleza mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 9 mfanyabiashara Ottar, aliyejitambulisha kuwa ndiye mtu aishiye kaskazini kuliko Wanorse wote, alifika kwa mfalme Alfred wa Wessex, Uingereza, na maelezo yake yakaandikwa. Alihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa nchi yake, naye alikuwa na ng'ombe 20, kondoo 20 na nguruwe 20. Kipande kidogo cha shamba alichokuwa nacho alikilima kwa farasi. Lakini alikuwa pia na kulungu wa barafu 600 waliofugwa, na utajiri wake mkuu ulitoka kwenye kodi aliyowatoza majirani zake Wasami: ngozi za wanyama, manyoya ya ndege, mifupa ya nyangumi na kamba za meli zilizosokotwa kwa ngozi ya sili na walrasi, yule mnyama mkubwa wa bahari ya barafu mwenye meno mawili marefu.

Soma orodha hiyo tena kabla hujaandika kasri la dhahabu. Ng'ombe 20 na ni mkubwa wa nchi! Kaskazini ni nchi ya uhaba, na uhaba ndio unaowapeleka watu baharini.

Hao Wasami ni nani? Je, niwaweke?

Ndiyo, na uwape heshima yao. Wasami ndio wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Skandinavia. Wana lugha zao, ambazo hazina udugu na Kinorse, walitembea juu ya theluji kwa mbao za kutelezea, waliwinda na kufuga kulungu wa barafu. Wapo hadi leo na wana mabunge yao Norwei, Uswidi na Ufini. Watunzi wengi hujaza kaskazini yao watu wa aina moja, kisha wakiona pengo huweka majitu au wachawi mahali palipokuwa na majirani halisi. Mipaka, kodi, ndoa za mseto, uganga wa kuazimana: hayo yote yapo kwa Wasami na Wanorse, na ni mali kubwa kwa mtunzi.

Mfalme ana nguvu kiasi gani?

Pungufu ya unavyofikiri, na hapa ndipo fantasia nyingi zinapokosea. Huchukua mfalme wa Ufaransa wa karne za baadaye, humvika ngozi ya mbwamwitu, kazi imekwisha.

Kiti cha kweli cha madaraka kilikuwa baraza, lililoitwa þing, mkutano wa wazi wa watu huru. Iceland haikuwa na mfalme kabisa tangu baraza lake kuu, Althing, lilipoanzishwa 930 huko Thingvellir hadi nchi ilipokubali utawala wa Norwei miaka ya 1262 hadi 1264. Sheria zilikuwa hazijaandikwa. Ziliandikwa kwa mara ya kwanza majira ya baridi ya 1117. Kabla ya hapo palikuwa na msema-sheria, mtu aliyechaguliwa kwa miaka mitatu, ambaye kila kiangazi alisimama na kughani theluthi ya sheria kwa moyo mbele ya umati, ili muhula wake ukiisha awe amezimaliza zote. Nchi nzima imo kichwani mwa mtu mmoja. Mtie homa msema-sheria wako usiku wa kuamkia kesi kubwa uone kitakachotokea.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 999 au 1000. Waiceland walikuwa wamegawanyika, Wakristo upande huu na wafuasi wa dini ya kale upande ule, silaha zikiwa karibu. Wakakubaliana wamwachie uamuzi msema-sheria Thorgeir, ambaye mwenyewe alikuwa wa dini ya kale. Akaingia bandani kwake, akajifunika joho lake, akalala hivyo mchana uliobaki na usiku wote bila kusema neno. Asubuhi akatoka akatangaza: nchi itakuwa na sheria moja na dini moja, Ukristo; ila mtu anaweza kuendelea kula nyama ya farasi, kuacha watoto wachanga nje wafe, na kutoa kafara kwa siri. Masharti hayo yanatisha, na ndiyo yanayoonyesha maafikiano halisi yanavyokuwa.

Baraza lilihukumu lakini halikuwa na polisi. Ukishinda kesi, kutekeleza hukumu ni juu yako na ukoo wako. Aliyeua angeweza kulipa dia. Hukumu nzito kuliko zote ilikuwa kumtoa mtu nje ya sheria: haruhusiwi kulishwa, haruhusiwi kuvushwa maji, na yeyote anaweza kumuua. Ipo pia iliyo nyepesi, ya uhamisho wa miaka mitatu. Erik Mwekundu alihukumiwa hiyo, akaitumia kuichunguza Greenland. Kwa mujibu wa masimulizi ya Waiceland, aliporudi kuchukua walowezi ziliondoka meli 25 zikafika 14.

Wafalme walikuwepo Norwei, Denmark na Uswidi, lakini Norwei mtoto yeyote wa kiume wa mfalme, hata wa nje ya ndoa, aliweza kudai kiti. Matokeo yake ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1130 na kudumu, kwa vipindi, hadi 1240. Ukitaka njama za kurithi kiti, ziko hapa tele.

Kofia za chuma zenye pembe?

Hapana. Sura hiyo ilienezwa na mavazi ya opera ya Ujerumani ya 1876. Kofia iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 ni ya karne ya 10; ni ya duara, ina kinga ya macho kama miwani, na haina pembe. Kofia zenye pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, ni za zama za shaba, karibu miaka 1,700 kabla ya Waviking. Ukizitaka, zifanye masalia ya ufalme uliosahaulika, yaliyozikwa kinamasini. Hilo litakuwa na ukweli ndani yake.

Na silaha?

Mkuki na ngao kwa wengi, shoka kwa wengi, upanga kwa wachache. Upanga mzuri ulikuwa urithi wenye jina lake. Jeshi zima lenye panga halikuwahi kutokea.

Meli zao zilikuwaje? Nataka msomaji wangu wa pwani azione.

Msomaji huyo una bahati naye, kwa sababu anaijua bahari. Mwambie hivi: mbao zilipangwa ubao wa juu ukilalia ubao wa chini, zikafungwa kwa misumari ya chuma iliyopigwa ncha upande wa ndani, kalafati ikatiwa kwa sufu au manyoya yaliyolowa lami ya msonobari. Mbao zilipasuliwa kwa shoka na kabari kufuata mshipa wa mti, ndiyo maana ziliweza kuwa nyembamba na bado zikawa imara. Chombo kilipinda kidogo na wimbi badala ya kushindana nalo. Mafundi wa mtepe wa Lamu, walioshona mbao kwa kamba za makumbi, walifikia unyumbufu huo huo kwa njia nyingine kabisa, nao vilevile walitumia tanga la mraba, lao likiwa la mkeka.

Tanga la Wanorse lilikuwa la sufu. Hapa simama uandike polepole, maana watunzi karibu wote wanapita. Tanga moja la meli kubwa lilihitaji sufu ya kondoo wengi mno, kuchambuliwa, kusokotwa na kufumwa kwa mkono; ni kazi ya miaka. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Hakuna meli iliyoondoka bandarini bila wao, na chifu asiye na kondoo wala wafumaji hana jeshi la majini hata akiwa na msitu mzima wa mialoni.

Kwa vipimo: meli ya Oseberg, iliyofukuliwa Norwei mwaka 1904, ina urefu wa mita 21.5 hivi na makasia jozi 15. Meli ndefu ya vita iliyopatikana Skuldelev, Denmark, ilifikia mita 30 hivi. Uchunguzi wa mbao zake ulionyesha iliundwa Dublin, Ireland, karibu 1042. Nakala yake ilisafiri kutoka Roskilde hadi Dublin mwaka 2007. Mabaharia wake walilowa na kutetemeka hata kiangazi, kwani meli haina sitaha ya kujificha chini yake. Nahodha wako na watu wake wanalala wazi.

Wanawake walikuwa mashujaa wa vita?

Wapo waliozikwa kama mashujaa. Kaburi Bj 581 la Birka, Uswidi, lilifukuliwa 1878 likiwa na upanga, shoka, mikuki, mishale, ngao mbili na farasi wawili, na kwa zaidi ya karne lilihesabiwa kuwa la mwanamume. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2017 ulionyesha ni mwanamke. Wanazuoni bado wanabishana kama alipigana kweli au silaha zilikuwa za cheo.

Lakini usidhani upanga ndio njia pekee ya mwanamke kuwa na nguvu. Mke huru alishika funguo za ghala, aliendesha shamba mume akiwa baharini, na aliweza kudai talaka mbele ya mashahidi. Mazishi ya kifahari kuliko yote tunayoyajua ya zama hizo, ya meli ya Oseberg, yalifanywa 834 kwa ajili ya wanawake wawili.

Uchawi wao nitauandikaje?

Achana na mipira ya moto. Uchawi wa Kinorse ulihusu kujua yajayo, kupinda bahati, kufunga akili ya mtu. Mwenye kazi hiyo aliitwa völva, mwanamke mpiga ramli aliyetembea shamba hadi shamba na fimbo yake, akapewa kiti cha juu, akalishwa, akaulizwa habari za mavuno na maradhi. Katika kaburi moja la Fyrkat, Denmark, mwanamke anayedhaniwa kuwa wa kazi hiyo alizikwa na mbegu za mmea wenye sumu unaolevya na kuleta njozi. Mwanamume aliyefanya uchawi huo alidharauliwa vibaya, na hata hivyo Odin mwenyewe, mkuu wa miungu, alisemekana kuufanya. Aibu hiyo ya mungu ni nzito na haijatumiwa vya kutosha na watunzi.

Kuhusu maandishi ya runi: yalikuwa alfabeti, herufi 24 hapo kale, kisha 16 katika zama za Waviking, zenye mistari iliyonyooka kwa kuwa zilichongwa. Yaliweza kubeba laana, lakini pia yalibeba habari za kila siku. Bergen, Norwei, vilipatikana vijiti mamia vya karne za kati vyenye alama za mizigo, sala, matusi na mapenzi. Kimoja kinasema tu kwamba Gyda anakutaka uende nyumbani. Chini yake mtu amejaribu kujibu, na jibu halisomeki.

Nitumie Odin na Thor au nibuni miungu yangu?

Ushauri wangu ni kubuni, lakini chukua namna dini ilivyofanya kazi. Hakukuwa na kitabu kimoja kitakatifu. Ibada ziliongozwa na chifu wa mahali au mwenye nyumba. Kila eneo lilikuwa na desturi zake. Mengi tunayoyajua yaliandikwa Iceland karne ya 13 na Wakristo, zaidi ya miaka 200 baada ya dini kubadilika, kwa hiyo hata "imani halisi" tunaiona kupitia pazia. Usiikamilishe mno dini ya ufalme wako. Acha vijiji viwili vibishane ni mungu gani alikufa vipi. Huko Trendgården, Denmark, ilipatikana kalibu ya fundi iliyochongwa nafasi za misalaba na ya nyundo ya Thor katika jiwe moja: mteja achague.

Kumbuka pia kwamba wako watu wanaoabudu miungu hiyo leo. Jumuiya yao ya Iceland ilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Waandike kama ungetaka dini ya bibi na babu yako iandikwe.

Lazima niweke watumwa?

Ukiandika ufalme unaoishi kwa uvamizi, basi ndiyo, au utueleze mateka wamekwenda wapi. Watu walikuwa bidhaa kuu. Dublin ya Waviking ilikuwa soko kubwa la watumwa, na wengine walipelekwa mashariki kwa mito hadi nchi za Khalifa kubadilishwa na fedha. Mtumwa aliitwa þræll, na ndiye aliyebeba mbolea, kuchimba makaa ya udongo na kusaga shayiri. Mjumbe wa Baghdad, Ibn Fadlan, alishuhudia mazishi ya chifu kando ya mto Volga mwaka 922, ambako msichana mtumwa aliuawa ili amfuate bwana wake. Masimulizi yake hayasomeki kwa urahisi.

Sisi ambao Bagamoyo na Mkunazini ni majina ya kwetu hatuna sababu ya kuyapamba mambo haya. Mpe mtumwa jina, lugha aliyotoka nayo, na sura moja nzima ya kitabu ambamo yeye ndiye anayetazama.

Je, mtu mweusi anaweza kuwepo katika ufalme huo bila kuonekana amepachikwa?

Anaweza. Kati ya 859 na 862 kundi la meli lilivamia Hispania na pwani ya Moroko, na mapokeo ya Ireland yanasema mateka wa huko waliletwa Ireland. Kinorse kilikuwa na jina la Waafrika, blámenn. Utafiti wa DNA wa mabaki ya watu 442 uliochapishwa 2020 ulionyesha mchanganyiko mkubwa wa asili za Ulaya ya kusini na Asia, na watu wasio na asili ya Skandinavia waliozikwa kwa desturi za Waviking.

Biashara nayo ilikuwa ndefu ajabu. Hazina ya Spillings, kisiwani Gotland, iliyopatikana 1999, ina kilo 67 za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi mno zikiwa dirhamu za Kiislamu. Mwaka 916 msafiri al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, alisafiri kwa meli kutoka Qanbalu, mji unaodhaniwa kuwa Pemba, hadi Oman, akaandika habari za pembe za ndovu zilizopelekwa India na China. Miaka sita baadaye Ibn Fadlan alikuwa Volga akiwatazama Wanorse. Baghdad moja, bahari ya Waswahili upande huu, mito ya barafu upande ule, na pande zote mbili zikiuza meno ya wanyama: ndovu huku, walrasi kule. Ukiweka katika ulimwengu wako mfanyabiashara wa kusini aliyekwama kaskazini majira ya baridi, njia aliyopita ipo.

Majina niyaweke vipi?

Mwanorse huitwa jina lake na la baba yake, Thorgeirsson kwa mwana, Thorgeirsdóttir kwa binti. Waiceland bado wanafanya hivyo. Ukitunga kwa Kiswahili, "Sigrid binti Ulf" inasomeka vizuri na haipotezi kitu. Wengi walikuwa na majina ya utani, na hayakuwa ya sifa tu; Harald wa Denmark, aliyesimamisha jiwe la Jelling karibu 965, anajulikana kama Jino la Buluu, labda kwa sababu ya jino bovu. Umri hesabu kwa majira ya baridi: mtoto wa baridi 12.

Kuna alama za kuepuka?

Zipo. Wanazi walichukua baadhi ya runi, ikiwemo ile iliyorudiwa mara mbili kuwa nembo ya kikosi chao cha SS, na makundi ya kibaguzi bado yanatumia runi fulani na alama za Kinorse. Kwa jalada la kitabu au bendera ya ufalme wako, chora kitu kipya: kasia, samaki kichanjani, kondoo. Sanaa yao ya kuchonga wanyama waliosukana ni nzuri sana na unaweza kuifuata bila kugusa alama hizo.

Naruhusiwa kubadilisha kiasi gani?

Chochote, mradi ujue unachokibadilisha. Ukitaka mfalme mwenye nguvu zote, tueleze baraza lilivunjwa lini na nani aliyekufa siku hiyo. Ukitaka jeshi la meli 300, tuonyeshe kondoo.